Sanduku la fundi redio wa Lindi, na kwa nini dalali alizitaka santuri ndogo

Kisa chenyewe ni hiki. Familia moja ya Lindi mjini, pale Mtanda, wana sanduku la mbao la marehemu baba yao, fundi redio wa miaka mingi, ndani santuri tupu. Akatokea dalali wa Dar, sijui alisikia kwa nani, akawapigia simu anataka kulichukua lote kama lilivyo, laki sita taslimu na usafiri juu yake. Watoto wakagawanyika. Kaka mkubwa akasema tuuze, paa la nyumba ya mama linavuja na hizo sahani hazijapigwa tangu mzee akiwa na nguvu zake. Dada anayemfuata akasema vya baba haviuzwi, basi. Mjukuu anayesoma chuo akasema yeye aziingize zote kwenye laptop halafu wazee wafanye wanavyotaka. Mimi nikaitwa kwa sababu kaka mkubwa ni shemeji yangu, na ukoo mzima wanajua huku Mtwara nina santuri zangu na pleya inayofanya kazi. Naandika kwa ruhusa yao, majina nayaacha.

Naeleza kirefu kwa sababu najua masanduku ya namna hii yapo mengi, Mikindani, Masasi, Nachingwea, Kilwa, na madalali wanazunguka.

Kwanza nikaomba nisome meseji zote za dalali kwenye simu ya shemeji, kabla hata sijafungua sanduku. Familia walikuwa wamemtumia picha moja, santuri kubwa ya Blue Note, ile kampuni ya jazz ya New York, kava lake lina picha ya mpiga saksafoni John Coltrane ameinamisha kichwa, rangi ya bluu, zuri sana. Waliona hiyo ndo dhahabu ya sanduku. Dalali akasifia weee, akasema kwa sababu ya hiyo ndo maana anafika laki sita. Halafu akaomba picha za zile ndogo, moja moja, pande zote mbili, lebo ionekane vizuri, na akasisitiza zipigwe mchana kwenye mwanga. Chini yake akaandika kwamba hizo ndogo atazibeba tu awapunguzie mzigo.

Sasa jamani, mtu anayekupunguzia mzigo haombi picha ya kila kipande pande mbili. Mi pale pale nikajua macho yake yako wapi.

Tuanze na hiyo Coltrane maana ndo iliyowapa familia matumaini. Blue Note ilianzishwa 1939, na Alfred Lion na mwenzie Francis Wolff, Wajerumani waliokimbilia Marekani, ndo walioiendesha mpaka ikauzwa kwa kampuni ya Liberty miaka ya katikati ya 60. Coltrane aliwarekodia santuri moja tu akiwa yeye ndo kiongozi wa kundi, Blue Train, Septemba 1957, studio ya fundi wa sauti Rudy Van Gelder kule New Jersey, namba yake BLP 1577. Chapa ya kwanza ya hiyo wakusanyaji wanalipia pesa nyingi kweli. Ila jina peke yake halitoshi, unatakiwa uiinamishe santuri kwenye mwanga usome pale katikati, ile sehemu laini kati ya mwisho wa muziki na lebo, kuna alama zimechongwa. Kwenye hizi za Blue Note unatafuta vitu vitatu. Alama ya Van Gelder, halafu kialama kidogo kama sikio ambacho ni cha kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kinawachapia mpaka 1966, halafu anwani kwenye lebo, ya kwanza kabisa inataja mtaa wa West 63rd.

Ya Lindi ina alama ya Van Gelder. Sikio hakuna, tuligeuza pande zote mimi na mjukuu, tukamulika kwa tochi ya simu, hakuna. Na lebo imeandikwa wazi kwamba Blue Note ni tawi la Liberty. Maana yake imechapwa kwenye mwisho wa miaka ya 60 kwa kutumia bamba lile lile la kuchapia la mwanzo, ndo maana alama ya Van Gelder imebaki. Sauti yake nzuri sana, nimeipiga, tarumbeta ya Lee Morgan inakata kama mpya. Ina bei yake, ya heshima, lakini siyo ile bei ya watu kuuza gari. Na historia yake hapa Lindi inakubaliana na alama, Bibi, mjane wa mzee, anasema iliachwa na mwalimu wa kujitolea, Mzungu, aliyeleta redio yake kutengenezwa akawa rafiki wa mzee, akaondoka akamwachia. Haina mkwaruzo kwa sababu Lindi hakuna aliyeicheza kwenye harusi.

Hizo ndogo sasa. Zipo 61, za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika, nyingi hazina kava, nyingine kava limeliwa na mchwa nusu. Kilwa Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Morogoro Jazz rundo zima. Bendi zetu zilijiita jazz tangu zamani, Dar es Salaam Jazz inahesabiwa kuanzia 1932, na zilichopiga ni dansi, magitaa na tarumbeta na saksafoni juu ya rumba iliyotoka Kuba ikapitia Kongo. Nani asiyejua hilo kwa wazee wetu. Ila ukitazama kwa jicho la mkusanyaji kuna jambo moja zito. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania kwenye tepu kubwa za rili, au zikasafiri mpaka Nairobi zikarekodi huko, na santuri yenyewe ikachapwa Kenya ikarudi kuuzwa huku. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983, na katikati hapo kaseti zikachukua nchi. Ukipanga sanduku la mzee kwa umri unaona kabisa linakonda kuelekea katikati ya miaka ya 70 halafu linakatika.

Kwa hiyo kila kopi iliyofika Lindi ilipita Nairobi, Dar, barabara ya kusini ya enzi zile ambayo masika ilikuwa haipitiki, halafu ikaja kupigwa na sindano nzito kwenye gramafoni za harusini mpaka ikaota mvi. Zilizobaki ni chache. Na kwa nyimbo kadhaa bamba la kiwandani halipo tena, tepu haijulikani iko wapi, santuri yenyewe ndo wimbo. Mnunuzi wa Ulaya anayetoa upya nyimbo za zamani za Afrika anahitaji kopi safi ya kunakili sauti, ndo maana dalali anatumwa mpaka Mtanda.

Marekani hili wamelipitia kabla yetu. Kampuni ya Paramount ya Wisconsin ilirekodi blues na jazz nyingi ya Waafrika wa Marekani miaka ya 20, ikafa mwanzoni mwa miaka ya 30, mabamba yake ya chuma yakauzwa kama chakavu. Miaka ya 50 na 60 vijana wakusanyaji wakawa wanagonga nyumba kwa nyumba kusini mwa Marekani, wanawauliza bibi wa watu kama wana sahani za zamani, wanalipa senti. Leo ukisikia nyimbo hizo unazisikia kutoka kwenye kopi zile zile zilizotolewa chini ya vitanda. Siwezi kuwatukana watu wale, bila mapenzi yao ya kichaa zingepotea. Siwezi pia kusema bibi wale walitendewa haki. Yote mawili ni kweli na mi nimeishi nayo hivyo muda mrefu, na nikasema hivyo hivyo mbele ya familia.

Kaka mkubwa akaniuliza swali la maana sana, shemeji, kama Mbaraka Mwinshehe ndo mkubwa kuliko wote basi si hizo za Morogoro Jazz ndo ghali? Hapana. Mbaraka alipendwa, bendi yake ilipelekwa mpaka maonyesho ya Osaka Japani 1970, akafa ajalini Mombasa Januari 1979 akiwa bado juu, na kwa sababu alipendwa santuri zake zilinunuliwa nyingi, kwa hiyo zimebaki nyingi. Jazz ya Marekani ni hivyo hivyo, sahani za 78 (zile nzito za zamani, mizunguko 78 kwa dakika) za bendi ya Glenn Miller zimejaa kila mahali watu wanagawa bure, ila ukipata ya bendi ya King Oliver ya mwaka 1923 ya kampuni ya Gennett, ile ambayo Louis Armstrong kijana anasikika kwa mara ya kwanza kwenye santuri, watu wanapigana. Umaarufu na uhaba ni vitu viwili. Kwenye sanduku hili chache zilizonishtua ni mbili za Kilwa Jazz, bendi ya Ahmed Kipande, moja ilikuwa na kopi pacha na nyingine kopi moja tu, na sijawahi kuishika kwa mkono wangu kabla ya siku ile.

Na hapo ndo tunafika kwenye biki.

Mzee alikuwa anaandika kwenye lebo. Karibu kila santuri ndogo ina mwandiko wake wa biki ya bluu, herufi ndogo zimelala, zimezungushwa kufuata lebo. Alikuwa anakodisha gramafoni na spika kwa harusi, kwa hiyo aliandika kazi. Hiyo ya Kilwa Jazz ya kopi moja imeandikwa "Harusi Mitwero Juni 67, imerudiwa mara 3". Nyingine "Ndoro, Idi, sindano mpya". Nyingine ina neno "hapana" limepigiwa mstari, nadhani wateja waliikataa. Dalali alipoona picha akasema maandishi hayo yanashusha bei, afadhali wayafute taratibu kwa pamba na spiriti kabla hajaja.

Kwa kanuni za soko hajasema uongo. Wakusanyaji wana madaraja yao, Mint juu kabisa, halafu Near Mint, VG+, VG (yaani Very Good, nzuri sana), kushuka chini, na mwandiko kwenye lebo huwa unatajwa kama kasoro. Lakini angalieni lebo hizi. Hazina mwaka. Santuri zetu nyingi za 45 zina jina la bendi, jina la wimbo, namba, wakati mwingine mtunzi, mwaka hakuna. Mtu anayetaka kujua wimbo ulitoka lini anabahatisha. Mwandiko wa fundi unamwambia kwamba kufikia Juni 1967 santuri hii ilikuwa tayari Lindi na watu wanaicheza. Huo ni ushahidi ambao hata mwenye kopi safi kabisa Ulaya hana. Mi sijui kitu kingine cha aina hiyo kwa muziki wa dansi wa kusini.

Hata jazz yenyewe historia yake iliandikwa hivyo. Sahani za 78 zilikuwa na jina la kiongozi tu, wapigaji wengine hawatajwi, tarehe hakuna. Mfaransa Charles Delaunay akatoa kitabu 1936 akipanga rekodi zile, nani alipiga nini, lini, wapi, na baada yake wakusanyaji wakaendelea miaka na miaka, wanasoma namba za bamba, wanalinganisha, wanawafuata wanamuziki wazee wanawauliza ulikuwepo siku ile? Hawakulipwa. Leo mtu akiandika kitabu cha jazz anasimama juu ya kazi ya hao watu wa masanduku. Sisi wa dansi kazi hiyo tumeifanya kidogo mno, na malighafi yake ndo hii inafutwa kwa pamba.

Hilo la spiriti nalo nilisema kwa sauti kidogo maana mjukuu alishaileta chupa. Kwenye sanduku kuna sahani saba za 78, zile nzito za zamani, na hizo siyo plastiki, zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu unaoitwa shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Ukipitisha pamba yenye spiriti unaondoka na muziki. Hizo unafuta kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, lebo usiilowanishe, unakausha kivulini zikiwa zimesimama. Hizi ndogo za plastiki nazo tulizisafisha hivyo hivyo, ukungu wa Lindi na chumvi ya bahari vilikuwa vimekaa kwenye mistari kama unga. Santuri kubwa tano, zile LP, zilikuwa zimepinda kabisa kwa sababu zililazwa chini ya sanduku juu ya kabati, bati liko hapo karibu, joto lote la mchana linaishia kwao. Santuri isimamishwe, sehemu yenye hewa, mbali na bati. Hizo tano sina namna ya kuziokoa.

Kikao kikakaa jioni, Bibi mwenyewe yupo. Nikawaambia ninavyoona. Kwamba bei ya sanduku zima ni kangomba ya santuri, kama ule ununuzi wa korosho kwa kipimo badala ya mizani, mnunuzi anajua kilo na wewe unaona kisado. Kwamba kuuza siyo dhambi, paa linavuja kweli na mzee mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Ila kisiuzwe kitu kabla hakijaandikwa kwenye daftari, jina la bendi, wimbo, namba ya lebo, namba iliyochongwa katikati, na mwandiko wa mzee neno kwa neno, na kabla sauti haijanakiliwa. Dada akauliza tukishanakili tutaweza kuziweka YouTube zituingizie hela? Nikamwambia hapana dada, sahani ni yenu, wimbo siyo wenu. Wimbo una mtunzi na warithi wake, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA, ofisi inayoisimamia, ipo, nakala hiyo ibaki ya nyumbani. Na dalali naye akinunua sahani hajanunua haki ya kutoa wimbo, huyo wa Ulaya atatakiwa atafute warithi, na wapo wanaotafuta na kulipa na wapo wasiojisumbua. Bibi akasema basi andikeni. Mambo yakaishia hapo kwa siku ile.

Kazi ya kunakili tuliifanya kwa pleya yangu, mjukuu anaendesha laptop, na mi nampongeza hadharani kijana huyu maana alikuwa na subira kuliko nilivyotegemea, wimbo ukiruka anarudia, hakuweka hizi programu za kuondoa mikwaruzo ambazo zinaondoa na besi. Tulihifadhi sauti ghafi kama ilivyo, faili kubwa, siyo mp3. Atakayetaka kusafisha atasafisha kopi.

Daftari lilipokamilika ikaonekana mzee alikuwa na kopi mbili mbili za nyimbo zilizopendwa, nafikiri kwa ajili ya harusi, moja ikikwama anaweka nyingine. Hapo mgogoro ukalegea wenyewe. Pacha kumi na moja ziliuzwa, na ile Coltrane ikauzwa kwa mtu wa Dar anayependa jazz, tukimwambia wazi kwamba ni chapa ya Liberty na sikio hakuna, akashukuru akalipa. Yule dalali alirudi, safari hii akiulizwa bei ya kipande kimoja kimoja, na kwa zile pacha tu akafika karibu na alichotaka kutoa kwa sanduku zima. Aliomba pia ile ya Kilwa Jazz ya kopi moja, akapandisha, akapandisha tena, kaka akamtazama dada. Dada akakataa. Maandishi hayakufutwa hata kwenye zilizouzwa, dalali alinung'unika akachukua hivyo hivyo.

Siwezi kusema wote wamefurahi. Kaka bado anaona ile moja ingemalizia bati za upande wa jikoni, na mi simlaumu, nyumba ni yake kuitunza. Mimi ningeiacha nyumbani kama walivyofanya, kwa sababu bendi ni ya watu wa huku, mwandiko ni wa huku, na pacha yake sijui mtu mwenye nayo. Ila anayelala chini ya paa linalovuja siyo mimi.

Kilichobaki ni zile 78. Mojawapo ni ya HMV, lebo ya mbwa na gramafoni, namba inaanza na GV, ule mfululizo wa muziki wa Kuba ulioanza kuuzwa Afrika miaka ya 30 na kuwafundisha wapiga gitaa wa bara zima. Nyuma mzee ameandika jina la duka la Mhindi na bei kwa shilingi za kikoloni. Hatujaipiga, maana sindano ya pleya yangu ni ya santuri za kisasa, nyembamba, inazama mpaka chini kabisa kwenye mfereji wa 78 na kukwangua uchafu tu, inatakiwa sindano nene ya sehemu tatu kati ya elfu za inchi badala ya hii isiyofika hata sehemu moja kati ya elfu. Nimeagiza. Mwenye nayo ya ziada Mtwara au Lindi, inayoingia kwenye kichwa cha pleya cha Shure M44, aniambie, nakodi au nanunua.